Stuli ya Wafiwa

Mama,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu.

Kibanda chetu cha Mtaa wa Kongo bado kipo. Bado tunauza majora ya nguo nyeupe, sanda za Waislamu na za Wakristo, kama ulivyoacha. Mzee Salum yuko palepale mlango wa pili na udi wake na marashi yake, na wauza viatu wanaanza kelele kabla sijafungua kufuli. Kilichobadilika ni stuli yako. Tulipotoka kukuzika niliisukuma nyuma, nikaibebesha majora. Sikutaka kuiona.

Maana stuli ile ndiyo ilikuwa mimbari yako. Mfiwa akija, hukugusa mkasi. Ulimkalisha, ukampa maji ya kunywa, ukamuuliza, "Marehemu aliitwa nani?" Watu walishangaa, kwa sababu Kariakoo nzima ilikuwa inawauliza mita ngapi. Wakishalitaja jina, machozi yalitoka yenyewe. Hapo ndipo ulipowaambia kwamba Yesu naye alilia kaburini kwa rafiki yake, ingawa alijua anakwenda kumfufua. Waislamu uliwapa pole ukaishia hapo, mpaka wakuulize wenyewe, na wengine waliuliza. Jioni Mzee Salum alikuchokoza, "Mama Neema, leo umemwokoa nani?" Nawe ulimjibu, "Wewe bado." Alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Ninakikumbuka sana kicheko chenu, Mama, kuliko hata sauti yako ya kwaya.

Tangu uondoke nilishindwa kuomba. Nikifumba macho naona udongo ukishuka tu. Kanisani niliimba na wenzangu, nikirudi nyumbani najiuliza kama yale uliyowaambia wafiwa ni kweli, au yalikuwa maneno ya kumtuliza mtu ili aende akazike. Sikumwambia yeyote. Nakwambia wewe.

Juzi alikuja kijana kununua nguo ya kumzikia mama yake. Nilitaka kufanya kama wewe, nikaharibu. Nimesimama, mkasi mkononi, nikammiminia habari za ufufuo mfululizo kama wale wahubiri wa spika pale Msimbazi. Kijana wa watu akaanza kutazama vibanda vingine. Alishageuka kuondoka Mzee Salum alipoingia, akashusha majora, akaitoa stuli yako, akaifuta vumbi kwa pindo la kanzu yake.

"Mkalishe kwanza, mwanangu," akasema, akarudi kwake.

Nilimkalisha. Nikampa maji. Nikamuuliza mama yake aliitwa nani. Akasema Tumaini, akalia, na mimi nikalia, tukalia wote wawili wateja wakitutazama. Nilimwambia kwamba na mimi nimemzika wangu. Kisha nikamweleza ile habari ya Yesu kaburini, polepole, kama ulivyokuwa ukiieleza.

Akaniuliza, "Dada, wewe mwenyewe unaamini utamwona tena mama yako?"

Mama, swali hilo ndilo nililokuwa nalikimbia. Nilitazama ile stuli, miguu yake uliyoifunga kwa vitambaa ili isikwaruze sakafu. Nikamwambia ndiyo, naamini. Nikabaki najisikiliza, nikingoja kuona kama nimemdanganya. Sikuwa nimemdanganya. Nikampimia nguo, nikamwongezea kipande kama ilivyokuwa kawaida yako, na usiku ule niliomba.

Jioni ya siku ileile Mzee Salum aliniuliza nimemwokoa nani. Nikamjibu, "Wewe bado." Alicheka, halafu akajifuta macho.

Pumzika sasa, Mama. Stuli iko mbele, na nakuahidi haitarudi tena chini ya majora. Kila mfiwa nitamkalisha, nitamuuliza jina la mtu wake, na nitamwambia tunachokiamini. Nami siku nitakapofika huko uliko, unikalishe kwanza, unipe maji. Nina mengi ya kukueleza.

Mwanao,
Neema