Chaza na Kisima cha Pili

Mwende mjukuu wangu,

Pokea salamu kutoka Kasikeu. Tumevuna pojo kidogo, na nyanya yako bado anabishana na redio.

Unasema maji ya bahari mnayoyapima huko Mombasa yameharibu vinasaba vya chaza, lakini hamjajua yatamfanya nini mtu. Unauliza utawaambiaje akina mama wanaookota chaza hapo.

Nikiwa kijana kule Ikutha, dawa ya kuogeshea ng'ombe ilimwagika karibu na kisima chetu cha mtoni. Baba akapiga kelele, "Msichote! Pengine yana sumu!" Akina mama wakayatazama maji, safi kabisa. "Mzee Mutua, sasa tupikie mate?" Wakachota.

Mama yangu hakubishana. Alienda juu zaidi ya mto, akachimba mchangani mpaka maji yakatoka, akarudi na mtungi umejaa. "Haya ya hapa sina hakika nayo," akawaambia. "Mimi nachota kule." Wakamfuata, na baba nyuma yao, amebeba jembe kana kwamba ndiye aliyechimba.

Basi pima na fuo zingine kwanza, mama. Ukipata penye chaza wazima, waambie yote, hata lile usilolijua.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.