Nguzo ya Pili, Daraja la Gatwekera

Jumanne, 18 Juni 1996

Nguzo ya pili ya daraja la miguu Gatwekera, hapa Kibera, ina matundu ndani, chini ya plasta. Kasema Sitelbanat Fadlalla, injinia anayesimamia ujenzi. Wikendi hakuwapo. Jana akakuta nguzo hiyo, hiyo pekee, imepigwa plasta. Akaigonga kwa nyundo mbele yangu. Mlio mwepesi, kama wa mlango.

Anataka plasta ibanduliwe kabla ya ufunguzi Jumamosi. Wakoli, foromani wa mkandarasi, akacheka hadi mafundi wakageuka. Madam, wewe Jumamosi ni kukata utepe, kubomoa tuachie sisi!

Sitelbanat kampigia mkubwa wake, naye kamjibu: neno la injinia mmoja halitoshi, alete wa pili. Asipopatikana, daraja linafunguliwa hivyo hivyo.

Sijaandika habari. Mimi pia nina neno la mtu mmoja. Utaratibu wetu gazetini ni mashahidi wawili — leo haukunipendeza.

Jumatano, 19 Juni

Kawangware, ukumbi wa kanisa pale Gatina. Kikao cha chama cha mainjinia wanawake. Jumamosi watampongeza Sitelbanat palepale darajani. Keki imeshaagizwa. Picha — juu yangu.

Sitelbanat akasimama. Asanteni kwa keki, akasema, lakini mimi natafuta mtu wa kuja na nyundo.

Wakainamia daftari zao. Wengi wameajiriwa na wanakandarasi, na kazi zenyewe ni za kugombania. Naelewa. Mwenyekiti wao, Marion, akasema kwa upole: my dear, tusiharibu siku yako. Watasema wanawake hawajui kujenga.

"Na likianguka watasema nini?"

Mukai huyo, kutoka kiti cha nyuma. Injinia pia, anasimamia ujenzi wa ghorofa za kupangisha hapo hapo Gatina. Kule site vijana wananiita mama chai, akasema, na chai yenyewe sijui kupika. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Ijumaa nakuja, akamwambia Sitelbanat, na nyundo yangu.

Hawakuwa wamewahi kuonana. Kibera na Kawangware — unaenda kwa miguu!

Alhamisi, 20 Juni

Wakoli kapata habari kwamba injinia wa pili anakuja. Hacheki tena. Anasema ufunguo wa stoo ya ngazi umepotea. Vizuizi vya darajani vimeondolewa tayari. Asubuhi nimeona watoto wa shule wakivuka, wengine wakirukaruka katikati.

Saa kumi jioni, simu ofisini. Marion. Nilidhani ataniomba nisiandike. La — kauliza Gatwekera kuna matope kiasi gani. Ya kuvaa gamboti, nikamjibu. Halafu: Omolo, saizi sita naweza kupata ya kuazima? Na ngazi ninayo kwa gari, nimesikia ya ufunguo.

Mpigapicha nilikuwa nimemwekea Jumamosi, saa ya keki. Nimembadilishia. Kesho, saa mbili asubuhi, nguzo ya pili.