Wasifu Unaorudi Kila Asubuhi

Mpendwa Bi Kokuberwa, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijaibeba hii kompyuta kwenda kuitupa. Mimi ni mjane, nina steshenari Tegeta, tuliianzisha na mume wangu Benedikto, na kazi yetu kubwa ni kuchapa wasifu wa marehemu, na kwa kuwa watu wa msiba hawana muda unafungua wasifu wa zamani, unabadilisha majina na tarehe, unachapa, wanakwenda kuzika. Benedikto alianguka dukani tarehe 17 Machi akafariki siku hiyo hiyo, na hakuwa anaumwa. Kompyuta imekuwa nzito, faili moja likifunguka mteja ameshamaliza soda, ingawa ina SSD, zile disk za kisasa, na tuliambiwa ndiyo yenye kasi, na fundi wetu Marselino, ambaye miaka yote amekuwa akiyapangapanga mafaili yake kila Ijumaa kama alivyozoea kwenye disk za zamani, akasema imejaa, futa wasifu za nyuma. Nikafuta. Kesho yake nawasha, zote zimerudi. Nimefuta mara sita, marehemu wote wanarudi, na katikati yao nikakuta faili ambalo sikuwahi kuliona, "Wasifu wa marehemu Benedikto", limehifadhiwa tarehe 13 Machi, siku nne kabla hajafa, na ndani tarehe ya kifo ni 17. Wasifu uliosomwa makaburini niliuchapa mwenyewe tarehe 18, na huo haumo, wala barua za wateja za tarehe 15 hazimo. Lakini kinachoniua ni mstari wa mwisho: ameacha mjane na watoto watatu. Mimi nina wawili tu. Wifi yangu Tupokigwe anasema, "Wifi, mie kaka yangu namjua, hana mtoto wa nje," lakini mimi naamini kuna mwanamke aliingia dukani baada ya msiba akaandika ili mwanawe atambuliwe. Silali, sili, hata harufu ya fotokopi asubuhi inanitapisha kwa majonzi. Nifanyeje mstari huo ufutike?

Anjelina, Madale

Marahaba Anjelina, na pole sana. Tuanze na mashine, maana hapo mmejitakia.

SSD haipangwipangwi. Disk ya zamani ilikuwa na sahani inayozunguka, ikafaidika na kupangwa. Hii kila ukiiandika inachakaa kidogo, na Marselino ameichakaza kila Ijumaa kwa miaka. Mngeiachia sehemu moja kati ya tano ikae tupu, na kompyuta ikasafisha yenyewe nafasi za mafaili yaliyofutwa, ingekimbia mpaka leo. Sasa imefika mwisho, na ikifika hapo hujifunga: inasomeka lakini haiandikiki. Unafuta, inakubali usoni, ukizima na kuwasha kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Hakuna mzimu hapo. Nunua nyingine leo, hamisha mafaili yote kabla haijanyamaza kabisa, na fundi huyo asiiguse.

Sasa hilo faili. Umeniambia mwenyewe kwamba barua za tarehe 15 hazikukaa. Maana yake disk ilikuwa imeshajifunga kabla Benedikto hajaanguka, na hakuna mwanamke aliyeweza kuandika neno humo baada ya msiba. Nilitaka kukuambia kwamba marehemu alifungua wasifu wa mtu mwingine akasahau kubadilisha, kama mnavyofanya. Hiyo ingeeleza watoto watatu, lakini haielezi tarehe. Nilimuuliza fundi wa hapa gazetini, akasoma barua yako, akaniomba nisije nikamletea hiyo disk. Mimi sijui, na sitajifanya najua. Naogopa kama wewe.

Ila nakugombeza kwa jambo moja. Umemchafua mumeo kaburini kwa mwanamke ambaye hata jina humjui, na mwili wako mwenyewe hujausikiliza. Nimezika mume, Anjelina. Nililia mpaka sauti ikakauka, lakini sikutapika asubuhi kwa harufu ya fotokopi.

Kesho nenda kituo cha afya ukapime mimba. Mchukue Tupokigwe, usiende peke yako. Ukirudi, hamishia ule wasifu kwenye disk mpya na mstari wa mwisho uuache kama ulivyo. Nadhani hesabu yake iko sawa.