Kaye yako nimeivuta

Mama Nabintu, bibi yangu,

Kuko neno moja, sijue namna ya kukuambia. Nimevuta kaye yako.

Ile daftari ya bleu, ulikuwa unafichaka chini ya mufuko ya bunga. Kisha matanga yako nikaikuta pale. Nikaangalia: si Kiswahili, si Kifaransa. Nikasema ni makaratasi ya bure. Kila siku kule Kasha, kwenye tunapasula mawe, nilitosha page moja, nikafunga tumbaku. Na wenzangu niliwapa. Tulivuta, tukacheka.

Jana kisha misa, mutoto wetu Nabintu akaniona niko nafunga ingine. Akalalamika sana. "Papa! Iyo ni maandiko ya mama! Ni Kingereza!"

Kingereza gani? Wewe uliniambiaka unaenda kuimba mu chorale.

Njo mutoto akanielezea. Kumbe alikuwa anaanguka mu Kingereza, na wewe ukaenda kujifunza kwa ba-sœur, wale watawa, juu ya kumusaidia. Yeye alijua. Mimi hapana.

Unakumbuka ile siku nilikukuta unaandika? Nikauliza ni nini. Ukasema, "Ni kazi ya wenye akili. Vuta tumbaku yako, muzee." Tukacheka wote wawili.

Nimevuta.

Egzame iko siku ya ine. Akianguka, masomo imeisha. Anasema ndani ya kaye mulikuwa maneno ya watu wengi: kundi, famille, kila mutu. Ati wako wengi, lakini verbe unaiweka ya mutu moja. Mwalimu anapenda kuuliza ile. Mimi sikuelewa kitu.

Imebakia page mbili. Nikamuomba anisomee. Ya kwanza uliandika: famille yetu iko inakula, kila mutu iko nyumba.

Hapana, Mama Nabintu. Hapana kila mutu.

Mutoto akasema, "Papa, mama alikuwa ananiuliza kwa mudomo. Wewe keti tu, usikilize. Labda itanirudilia mu kichwa." Nikaketi. Anasema, anasimama, anasema tena. Akikosa, sijue. Bugali ikaungua, tukaikula vile.

Tumbaku nimetupa mu choo. Kesho naenda kwa ba-sœur. Nitatosha kofia, niulize nani alisoma na wewe, atuazime kaye yake. Watauliza yako iko wapi.

Nitawaambia.

Kama uko unaniona pale kwenye mulango yao, cheka. Una haki.

Bwana yako,
Baba Nabintu