Mama Kalipaka Gari Mafuta ya Alizeti

Kikuyu,
Dodoma.
4 Agosti, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Yotham,

Mbukwa! U mzima huko Mbeya? Kifua je, na baridi hiyo ya kwenu? Sisi hatujambo, ila upepo wa kipupwe umetupasua midomo na vumbi tunalila asubuhi hadi jioni. Mama yupo, anakula vizuri, miguu ndiyo inamsumbua.

Simu zangu hupokei, basi barua hii nimempa Damas wa lori akukabidhi mkononi. Usimkimbie.

Ujumbe wako tuliupata, kwamba tangu kiwanda kifungwe huna kitu, na huji nyumbani mikono mitupu. Nilimsomea mama wote. Kesho yake akatoka nje, akaizunguka ile Korola uliyomnunulia, akasema, "Yotham asije akaikuta hivi."

Kweli ilikuwa inatia huruma. Jua limeila ile rangi ya buluu mpaka imekuwa kama sare ya shule iliyorithiwa na watoto wanne, na kwenye paa na boneti ilikuwa inabanduka magamba. Kulipiga rangi gari zima hatuwezi. Jikune ujipatapo, nikaelewana na fundi Mudrick apige paa na boneti tu, milango tuing'arishe wenyewe.

Sasa sikia kituko. Nimekwenda kazini, huku nyuma mama kachukua mafuta ya alizeti, kalipaka gari lote! Unakumbuka alivyokuwa akitupaka miguu kipupwe kikianza? Ndivyo hivyo. Kaona ngozi imekauka. Mudrick maskini akadhani ni vumbi tu, akapiga msasa, akapuliza rangi, ikakataa kushika, ikajitenga vitundu vitundu. Akaniuliza, "Dada Dorkasi, hili gari mlilikaangia nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama akanuna siku nzima. Ikabidi rangi ikwanguliwe, gari lioshwe kwa sabuni ya unga, lifutwe kwa tina ya kuyeyushia rangi, kazi ianze upya.

Halafu ile rangi. Dukani waliichanganya kwa kutazama kifuniko cha tangi la mafuta, upande wa ndani ambao haujawahi kuona jua. Basi paa na boneti vimetoka buluu ile ya siku uliyolileta gari, milango imebaki imepauka vile vile, japo tuliisugua hadi mabega yakatuuma. Mudrick aliona aibu, akasema atairudia, aipunguze ukali zifanane. Mama akamkatalia. "Acha, baba. Ni gari lile lile."

Neno hilo nimelifikiria sana. Yotham, nimekukasirikia, tena nimekukumbuka, vyote kwa pamoja. Nani alikwambia kwamba tulikuwa tukisubiri mizigo yako? Hapa hakuna anayekagua mabegi. Kazi imekwisha, sawa, inauma. Lakini wewe hukuzaliwa na kiwanda.

Shemeji yako Daudi anakusalimu sana. Anitha wetu naye anakuamkia, anauliza mjomba anakasirikia nini. Mwanne, jirani, anasema ulimwahidi kuku na hajasahau.

Mama hakutuma salamu. Jumamosi iliyopita alioga mapema, akavaa kitenge chake cha kanisani, akakaa kiti cha mbele, akaniamuru niwashe gari twende stendi. Nikamwambia, mama, Yotham hajasema anakuja. Akajibu, "Twende tu." Tukangoja mpaka basi la Mbeya likashusha abiria wote. Alimtazama kila mmoja usoni. Mizigo yao hakuitazama. Tuliporudi akaniambia niweke mafuta ya kutosha, Jumamosi ijayo tunakwenda tena.

Mungu akuongoze njiani, mdogo wangu, na akushike mkono huo huo mtupu.

Wako akupendaye, ingawa umemchosha,
dada yako,
Dorkasi.