Dakika Nne za Nyota Pacha

Kituoni, 4 Machi

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku juu mlimani. Sisi wazima, isipokuwa wifi yako bado goti linamsumbua, ingawa anatembea. Wewe je, hujambo? Kile kikohozi kimekuachia?

Nakuandikia kwa sababu simu ya huku iko mezani kwa mkuu wa kituo, na haya si maneno ya kusema mtu akiwa amekukodolea macho.

Jana gari la vifaa lilileta gazeti lenye picha yako. Tuzo ya uangalizi wa anga, na wewe ndiye wa kwanza kuipata kupitia darubini yetu! Nilimsomea wifi yako kwa sauti, kifua mbele. Nikafika pale mwandishi anapoeleza ulichogundua: zile nyota mbili zinazozungukana, moja huifunika nyingine kwa wakati unaojulikana, ila msimu mmoja, miaka sita iliyopita, zilichelewa dakika nne, na ndipo ukasema kuna kitu cha tatu kisichoonekana kinachozivuta. Hapo nikaacha kusoma. Wifi yako akauliza kama gazeti limeishia hapo.

Mdogo wangu, msimu ule radi ilipiga kituo na saa kuu ikazimika. Fundi ni mimi, basi niliiwasha na kuipanga kwa kufuata saa yangu ya mkononi. Unaijua saa yangu, naiweka mbele dakika nne ili nisichelewe kazini. Nilikusudia kuirekebisha kesho yake, kuba la darubini likakwama, nikasahau. Ilikaa hivyo miezi mitatu, hadi tulipofunga saa mpya. Siku hiyo niliiona tofauti, lakini kwenye daftari la mitambo sikuandika kitu. Kwangu ilikuwa saa tu. Sikujua kwamba ninyi mnaishi kwa sekunde.

Tuzo ni tarehe 28. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Niambie tufanye nini.

Kaka yako

Chuoni, 9 Machi

Kwa Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Mpe wifi pole.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Miaka sita umekaa kimya, leo zimebaki wiki tatu ndipo unakumbuka? Una hakika gani kwamba saa yako siku hiyo ilikuwa mbele dakika nne, na si mbili au moja? Kumbukumbu ya mtu si kipimo. Kazi yangu ilipitiwa na watu sita wenye macho makali, na hakuna aliyeona kasoro.

Unajua nilivyofika hapa. Wewe ndiye uliyeniombea kibarua cha kufagia kuba ili niwe karibu na ile darubini. Usiwe wewe tena wa kuniangusha. Usimwambie mkuu, usiandike popote, na barua hii ichome.

Mdogo wako

Kituoni, 15 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua sikuichoma. Nilikuwa na kiberiti mkononi, wifi yako akanitazama, nikakirudisha jikoni.

Nilimuuliza mmoja wa waangalizi wetu, bila kumwambia kwa nini, mtu anajuaje kama aliyechelewa ni nyota au ni saa. Akacheka, akasema hilo ni rahisi: tazama nyota nyingine iliyopimwa msimu huohuo kwa saa hiyohiyo. Ikiwa nayo imechelewa kiasi kilekile, mwenye kosa ni saa.

Lazima unayo nyota kama hiyo. Kagua vipimo vyake vya msimu ule, uniandikie. Kama haikuchelewa, nitakuomba radhi na kufunga mdomo mpaka kaburini.

Kaka yako

Kituoni, 22 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Gari la barua limepanda mara mbili bila neno lako. Najua barua ilikufika, maana dereva aliikabidhi mwenyewe getini kwenu.

Juzi mkuu aliniita. Anataka ile saa ya zamani ipelekwe ukumbini siku ya tuzo, iwekwe ndani ya kabati la kioo, watu waone kifaa kilichopima ugunduzi. Nilienda stoo, nikaipangusa vumbi, nikaanza kuifunga kwenye boksi. Nikaiacha hapo. Nikarudi ofisini kwake.

"Saa hii ilikuwa mbele dakika nne," nikamwambia, "na aliyeiweka hivyo ni mimi."

Akaniuliza kama ninaelewa nilichokitamka. Nikamwambia ninaelewa. Akaniletea daftari la mitambo, nikaandika yote kwa tarehe ya leo, nikatia sahihi. Funguo zangu amezichukua. Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

Ameahidi kwamba kamati ya tuzo hataiambia kabla hujapata nafasi ya kuiambia wewe. Sikutaka uyasikie haya kwa mtu mwingine.

Kaka yako, hata kama hutaki

Chuoni, 29 Machi

Kwa Kaka,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea salamu hii.

Jana waliniita jina nikapanda jukwaani. Hotuba niliyokuwa nayo ilikuwa ya kushukuru. Niliikunja.

"Naomba tuzo hii isitolewe," nikasema. "Saa iliyopima kazi yangu haikuwa sahihi."

Mwenyekiti alinishika kiwiko, akanipeleka chumba cha nyuma. Wakaniuliza nimejua lini. Nikajibu kwamba nimejua mwezi huu, baada ya fundi kukiri.

Kaka, huo ulikuwa uongo. Ile nyota nyingine uliyoniambia niikague, vipimo vyake vya msimu ule nilivikagua miaka minne iliyopita, kabla sijatangaza chochote. Ilichelewa dakika nne. Niliandika pembeni yake "kipimo kibovu", nikaitoa kwenye hesabu, na sikuitazama tena. Barua yako ya kwanza ilipofika, nilielewa yote kabla sijamaliza ukurasa. Hasira niliyokuandikia ilikuwa woga. Wewe ulificha kitu usichojua uzito wake. Mimi nilijua.

Leo asubuhi nimerudi kwa kamati na kuwaeleza hivyo. Nimemwandikia na mkuu wako. Chuo kimeninyang'anya wanafunzi mpaka baraza likae. Tangu nikiri, wewe ndiwe wa kwanza ninayetaka kumwona, na ndiwe ninayemwogopa zaidi.

Basi la Ijumaa lina nafasi. Nije?

Mdogo wako

Kituoni, 2 Aprili

Nimekaa na barua yako siku nzima. Wifi yako amesema nisikujibu nikiwa hivi, nami nimeona nikijibu nikiwa vingine nitakuwa nakudanganya.

Nina hasira na wewe. Basi linafika saa nane mchana. Nitakuwa stendi.

Kaka yako