Vidonge vya Daku

London, 12 Februari 1955

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta salama, wewe pamoja na dada Praxeda na majirani wote wa kambi ya Mwera, hususan Baba Zubeiri na mkewe, Mama Mwatima. Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku hupenya hadi mifupani.

Nina furaha kukuarifu kwamba, baada ya kuhitimu, nimepokewa katika maabara ya utafiti wa dawa, nikiwa Mwafrika pekee. Na je, wajua tunashughulikia nini? Mkonge, Baba! Yale maji yenye uvundo yatiririkayo chini ya korona, mashine uliyoilisha majani tangu kabla sijazaliwa, yana kiini ambacho wataalamu hukibadilisha hatua kwa hatua hadi kiwe dawa ya viungo. Kiini chenyewe si dawa. Sisi hukiita kitangulizi, kwa kuwa huitangulia dawa kama unga unavyoutangulia ugali. Dawa ikishatimia huwa kizuizi: huuzuia mwili usivimbe wala usijiumize wenyewe.

Dada ameniandikia kwamba vidole vyako vimekunjamana, na kwamba nyapara ametishia kukutoa kazini na chumbani. Kwa hiyo nimetia katika kifurushi hiki chupa ya vidonge. Meza kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Hapana haja ya kumsumbua daktari wa shamba. Mambo haya, bila kujisifu, nayafahamu kumshinda.

Mwanao mtiifu,
Asheri


Mwera, Pangani, 17 Aprili 1955

Mwanangu Asheri,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, hofu ni kwako na hiyo baridi.

Tazama mwandiko huu. Si wa Praxeda, ni wangu! Leo nimefunga vifungo vya shati mwenyewe. Nyapara kanitazama nikilisha korona, kaniuliza, "Abrahamu, umekwenda kwa mganga gani?" Nikamjibu, "Kwa yule mtoto uliyekuwa ukimfukuza hapa kwenye makapi."

Vidonge nimemgawia Zubeiri nusu. Usikasirike. Tumesimama mashine moja miaka yote, na magoti yake yameharibika kama vidole vyangu. Ningemezaje peke yangu, naye amekaa mlangoni ananitazama? Basi amenyanyuka! Juzi amekwenda kwa miguu hadi kivukoni, akarudi kunitukana mbele ya watu: "Mnyamwezi wee, miaka yote umekanyaga dawa, ukaenda kunawa!" Nikamwambia Mzigua hashukuru hata akitibiwa bure. Watu walicheka sana.

Hata kile kifua kilichomlaza hospitali miezi mingi wakati wa vita, sasa hakisikii kabisa. Mfungo waingia juma lijalo. Kwa kuwa mchana hatakula, Mwatima atampa kidonge kimoja wakati wa futari na kingine wakati wa daku. Tuletee vingine.

Wako baba,
Abrahamu


London, 11 Juni 1955

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kufupisha salamu. Barua yako nimeikuta leo, nikirejea kutoka mkutano wa wataalamu kule Skotlandi, ambako nilikaa zaidi ya nilivyokusudia.

Umetaja kifua cha Baba Zubeiri. Kizuizi hiki hakibagui. Huyazuia maumivu, lakini huwazuia pia walinzi wa mwili. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu huweza kubaki na maradhi hayo yamelala ndani yake. Dawa ikiwalaza walinzi, maradhi huamka. Sikuuliza habari za kifua cha mtu yeyote.

Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo mtakayopata barua hii, hata kama hakohoi. Asiache vidonge ghafla. Daktari ampunguzie kidogo kidogo. Nawe fanya vivyo hivyo. Nakusihi, Baba.

Mwanao,
Asheri


Mwera, 3 Julai 1955

Mwanangu Asheri,

Tumsifu Yesu Kristo. Anayeandika ni Praxeda, mimi natamka.

Barua yako imekuta kaburi la Zubeiri limeanza kuota majani. Alianza kukohoa katika kumi la kati la mfungo. Tukadhani ni vumbi la mkonge. Katika kumi la mwisho akatema damu. Idi ilimkuta hajiwezi, na haikupita wiki akafa. Wajua mimi ni mtani wake. Makaburini walinisubiri nitie mzaha kama ada inavyotaka, nilale kaburini, nidai chochote. Nilisimama pale, mdomo haukufunguka. Wazigua wakanisamehe.

Sasa sikiliza. Mwatima ameshika jambo moja. Wewe uliagiza dawa imezwe baada ya chakula. Kuna siku alipitiwa na usingizi, daku halikupikwa, adhana inakaribia, akampa mumewe kidonge na maji matupu. Anasema hicho ndicho kilichomuua, na aliyempa ni yeye. Kila ajaye kuhani humweleza hivyo.

Mwandikie, Asheri. Neno moja tu, kwamba hakukosea. Usitie maneno ya vitabuni.

Mimi daktari ananipunguzia vidonge. Vidole vimeanza kurudi vilivyokuwa.

Baba yako


London, 4 Septemba 1955

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimepokea kwa majonzi mazito habari za msiba wa Baba Zubeiri, na ninaungana nanyi katika maombolezo.

Kuhusu Mama Mwatima, naomba unielewe kwamba suala hilo lahitaji uangalifu. Vidonge vile vilitoka maabara pasipo kibali. Andiko lolote lenye saini yangu laweza kufika kwa watu wasionitakia mema, hasa wakati huu ambapo makala yangu ya kwanza juu ya kitangulizi cha mkonge yakaribia kuchapishwa. Ile barua yangu ya Juni, tafadhali ichomeni.

Mambo yakitulia nitamwandikia kwa namna inayostahili. Kwa sasa mwambie wewe, kwa niaba yangu, kwamba hakukosea.

Mwanao mtiifu,
Asheri


Makorora, Tanga, 16 Oktoba 1955

Asheri,

Tumsifu Yesu Kristo. Chumba cha Mwera amepewa mwingine, nasi tuko Makorora. Mwatima naye amehamia kwa kaka yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Barua ya Juni Praxeda ameichoma. Mimi siwezi kushika kiberiti.

Nilimwambia Mwatima kama ulivyoagiza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Shemeji, wewe wanipoza tu, nami nakushukuru. Ungekuwa wajua mambo ya vidonge, usingetugawia. Asheri ndiye asomaye. Akiandika yeye, nitaamini."

Ijumaa alikuja tena, akaketi kizingitini. Praxeda akamtilia chai, hakuigusa. Tulidhani analipa siku zake za Ramadhani, na Praxeda akamuuliza amebakiza ngapi. Akasema zake alizimaliza zamani. Hizi anafunga kwa ajili ya daku lile.

Akaniuliza kama barua yako imekuja. Nikamwambia meli haijaingia.

Akasema basi, ataendelea kufunga mpaka iingie.

Baba yako, kwa mkono wa dada yako Praxeda